Swali la Saba

Fomu ina maswali tisa. La saba linauliza:
Baada ya jaribio, viumbe watafanywa nini?
Ingus ameliruka.
Mengine kayajibu mbiombio, herufi zikikanyagana:
aina, kiroboto-maji; idadi, arobaini;
dawa, kile kinywaji cha kopo cha kukesha nacho usiku wa mtihani.

Mimi si mwalimu. Mimi ni Velga,
mwosha vioo, mshika funguo za kabati la asidi
katika shule hii ya Cēsis, ghorofa ya pili,
mwaka wa ishirini na sita sasa.
Nikamwambia, Kaa. Hapa swali halirukwi.
Akasema, Lakini ni vidudu tu, hata jicho halivioni.
Hadubini basi unaiombea nini?

Kanuni ukutani ni kumi na nne.
Watoto huzisoma kama bei za mwaka juzi.
Ya tatu, usifunue sahani iliyozibwa, ni Ausma:
alipangusa kitasa cha choo kwa pamba,
akaotesha siku nne, akafunua ili anuse.
Wiki mbili kiti chake kilikaa kitupu.
Ya tisa ni kidole changu hiki cha gumba. Tazama,
kisha vaa miwani.
Ya kumi na moja sijui ilitoka kwa nani. Niliikuta.

Kiroboto-maji ni nyumba ya kioo.
Utumbo wa kijani, mayai mgongoni,
na nyuma ya shingo, kama ile ni shingo,
moyo, unabisha hodi
kama mgeni anayejua mwenyeji yumo.
Mdomo hauwezi kuuhesabu.
Unashika kalamu, jicho hadubinini,
kila pigo nukta, sekunde kumi,
halafu unarudi kuzihesabu nukta.

Tone moja: nukta zikawa manyunyu.
Matone mawili: mvua ya mawe mezani,
Ingus anacheka, Ilzīte anamshikia saa.
Matone manne, na kalamu ikabaki hewani.
Ikangoja.
Akasema, Umesimama.
Ilzīte akautikisa mshale wa saa.

Hakuna aliyecheka tena.
Baadaye akanijia kwenye sinki, sauti chini:
Nikimtoa huyu kwenye jedwali, grafu itanyooka.
Mikono yangu ilikuwa na povu, sikumgeukia.
Andika sifuri, nikasema. Sifuri hiyo ameilipia.
Akaandika. Kisha, bila kuambiwa,
akaikata arobaini kwa mstari mmoja,
akaweka kumi na wawili, wale aliokwisha kuwapima,
na matone matano aliyopanga hayakudondoka.

Nilidhani yameisha. Saa nane namkuta mlangoni
na ndoo, koti halijafungwa,
anaelekea bwawa la nyuma ya kanisa,
ambako barafu ya Machi imeanza kupasuka kingoni.
Nawaachia huru, anasema, na uso umemng'aa
kama mtu aliyepata jibu peke yake.
Iliniuma kumzuia. Nilimzuia.
Hawa wamekunywa dukani, Ingus.
Wamelala katika maji ya bomba,
na sijui vidole vyako vimewabebesha kuvu gani.
Bwawa halikutia saini fomu.

Alikasirika. Ana haki.
Akasimama na ndoo yake, huko nje theluji ikidondoka paani vipande vipande,
mpaka mkono ukachoka.

Chupa iko dirishani sasa, na chembe ya hamira kila Alhamisi.
Juzi niliikuta imesogezwa mbali na bomba la joto.
Swali la saba limejibiwa kwa neno moja, Watatunzwa,
na chini yake, kwa penseli: kumi na mmoja.

Kalamu yake ilitoboa karatasi siku ile.
Mezani zimebaki nukta, zimesongamana, zimesongamana,
kisha mbao tupu.
Kazi yangu ni kusugua meza zote kila Ijumaa.
Hiyo nimeiruka.